Helios 44-2 kwenye harusi za Mombasa: nunua pete nzuri kwanza

Nimeitumia Helios 44-2 kiasi cha kuweza kusema uzuri wake na udhaifu wake bila kubahatisha, na nitaanza na jambo ambalo wauzaji wa lenzi za zamani hawalitaji: lenzi yenyewe mara nyingi haina neno. Ukipata iliyo safi, itakufanyia kazi. Kinachoamua kama utaipenda au utaifungia kabatini ni kile kipande cha chuma kinachokaa kati yake na kamera, yaani pete ya kuunganishia. Watu wengi huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki mfukoni. Mimi nasema inunue kwanza, tena nzuri.

Kazi yangu ni picha za harusi hapa Mombasa, hasa shughuli za kina mama: hina, kesha, kupamba. Kwenye kupamba wanaume hawaingii, na nyumba nyingi huzuia simu mlangoni, kwa hivyo mpiga picha lazima awe mwanamke na awe mtu wa kuaminika. Nafanya kazi na Sony a7 II. Kwa picha zinazonilipia kodi natumia lenzi ya kisasa yenye otofokasi, maana bi harusi akiingia ukumbini na vigelegele vimeanza hakuna wakati wa kuzungusha pete ya fokasi kwa mkono. Helios hutoka mkobani baadaye, bi harusi akishaketi jukwaani na watu wakaanza kupishana kumpa mkono. Hapo kuna utulivu, na nyuma yake kuna taa ndogo ndogo za mapambo. Kwa lenzi hii, hizo taa ndizo utajiri wote.

Helios 44-2 ni ya milimita 58, f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga liko wazi zaidi), imetengenezwa Muungano wa Kisovieti kwa ajili ya kamera za Zenit. Muundo wake ulitoka kwenye Biotar ya Carl Zeiss Jena ya Ujerumani: vioo sita katika makundi manne. Zilitengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana mpaka leo zinapatikana kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Yangu nilimnunulia mzee mmoja wa Tudor, aliyekuwa na studio enzi za filamu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea Zenit nzima mezani. "Mwanangu, hii kamera shata yake imekwama," akaniambia, "lakini lenzi haijapata kulala nje ya boksi hata siku moja." Niliimulika kwa tochi, nikaona anasema kweli. Tulimalizana kwa shilingi 7,000, na mkoba wake wa ngozi akanipa bure.

Sasa pete. Kila kamera ina umbali wake maalumu kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye kihisi, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea picha. Lenzi zinazofungwa kwa kuzungusha uzi wa M42, kama Helios, zilitengenezwa kwa umbali wa milimita 45.46. Sony E, yaani mdomo wa kamera yangu, ina milimita 18 tu. Tofauti ni milimita 27.46, na huo ndio urefu ambao pete inapaswa kuwa nao, bila mchezo. Ikizidi kidogo, lenzi haitafika mbali: mtu aliye karibu utamshika vizuri, lakini ukiielekeza ng'ambo ya bahari kila kitu kinabaki na ukungu. Ikipungua kidogo si mbaya sana, lenzi inapitiliza tu alama ya mbali kabisa, na watengenezaji wengi huzipunguza makusudi ili wasilaumiwe.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayokuambia kama kamera yako inafaa. Kamera zisizo na kioo cha kuakisi ndani zote zinafaa, kwa sababu ni nyembamba: Nikon Z ina milimita 16, Fujifilm X 17.7, Canon RF 20. Mwenye DSLR ya Canon, yaani kamera yenye kioo hicho, ana milimita 44, kwa hivyo pete yake huwa nyembamba kama milimita moja na nusu, na lenzi inafanya kazi. Mwenye DSLR ya Nikon ana 46.5, ambayo inazidi ile ya lenzi yenyewe. Pete yoyote utakayoongeza hapo inaisogeza lenzi mbali zaidi, isipokuwa ile yenye kioo cha lenzi ndani, na vioo vya pete hizo za bei ndogo huharibu picha. Kama Nikon yako ni ya kioo, pesa hiyo ifanyie jambo lingine.

Pete yangu ya kwanza ilikuwa ya shilingi 1,200, haina jina, imo kwenye kifuko cha plastiki. Ukiitazama juujuu hutaona kasoro. Nikaifunga, na kila nilipozungusha fokasi lenzi nzima ilicheza kidogo kwenye mdomo wa kamera kabla ya kuanza kuzunguka. Ukipiga mlima, huko kucheza hakukudhuru. Lakini ukiwa mita moja kutoka kwa uso wa mtu kwa f/2, sehemu inayotoka wazi haizidi sentimita tatu na nusu hivi, yaani jicho na si sikio. Kucheza kwa pete peke yake kunatosha kuliondoa jicho kwenye fokasi.

Kubaya zaidi kulikuja kwenye picha za pamoja. Shangazi wa bi harusi waliketi mstari mmoja kwenye kochi, nimefunga lenzi hadi f/5.6, hali ambayo kila mtu anapaswa kutoka wazi. Wa kushoto walitoka safi, nakshi za leso unazihesabu. Wa kulia walikuwa laini kana kwamba kuna mvuke mbele yao. Pete ilikuwa imekaa mshazari. Na kuna jambo la tatu, ambalo wengi hulidhani ni tabia ya lenzi ya zamani: weupe hafifu katikati ya picha, kama vumbi la mwanga. Toa lenzi, tazama ndani ya pete kwa nyuma ukiielekeza dirishani. Ile ya shilingi 1,200 iling'aa ndani kama sufuria mpya. Mwanga unaoingia pembeni unagonga chuma kile na kurudi kwenye kihisi. Ushahidi wangu ni mabuibui. Mgeni aliyesimama karibu na taa akiwa na buibui jeusi ti alitoka wa kijivujivu, na kwenye kompyuta hakuna namna ya kurudisha weusi ule bila kuharibu ngozi ya uso wake.

Hiyo ya kung'aa inatibika. Kata ukanda wa mahameli nyeusi, ubandike ndani ya pete pande zote, weusi utarudi. Kucheza na kukaa mshazari hakuna dawa, ni kununua nyingine.

Ninayotumia sasa ni ya K&F Concept, M42 kwenda Sony E, shilingi 3,800. Ndani ni nyeusi isiyong'aa. Inaingia kwenye kamera kwa ugumu kidogo, na ikishaingia haichezi. Alama ya fokasi ya lenzi iliangukia juu, karibu kabisa na katikati, jambo ambalo kwa lenzi za uzi ni bahati, kwa sababu uzi husimama pale unapoishia. Usiku nilikwenda nayo Mama Ngina, nikaielekeza kwenye taa za Likoni ng'ambo ya mlango wa bahari. Taa zilikuwa nukta safi kidogo tu kabla ya alama ya mwisho, yaani pete imepungua unywele. Hivyo ndivyo ninavyotaka.

Jambo moja la kuangalia kabla hujalipa pete yoyote ya M42. Kuna zenye ukingo ndani na zisizo nao. Ukingo huo husukuma kile kipini kidogo kilicho nyuma ya lenzi za M42 za otomatiki, ili tundu la mwanga lifungike unapozungusha pete yake. Helios 44-2 haina kipini, kwa hivyo inakubali pete zote mbili. Lakini wengi wakishapata moja hutamani na ya pili, na ya pili huenda ikawa na kipini na isiwe na swichi ya mkono. Basi chukua yenye ukingo tangu mwanzo.

Kwenye kamera, ingia kwenye menyu uruhusu kupiga picha bila lenzi, la sivyo itakataa kwa sababu haioni kitu chochote mbele. Kwa a7 II, ambayo ina kitulizaji cha mtikisiko ndani yake, uiambie kwa mkono kwamba lenzi ni milimita 58, au namba iliyo karibu. Watu hulisahau hili kisha wakalalamika kwamba picha za usiku zinatikisika. Halafu ile rangi nyekundu ambayo kamera huipaka kwenye kingo za kilicho wazi ili kukuonyesha fokasi, usiitegemee ukiwa kwenye f/2. Lenzi ni laini mno pale, na rangi hupaka hata visivyo wazi sawasawa. Kuza picha kwenye kioleo, weka jicho la bi harusi katikati, zungusha mpaka kope zisimame moja moja, ndipo upige.

Helios hii ina pete mbili za mwanga, na kwangu hapo ndipo penye raha ya kuishika. Moja ina vituo, unaiweka kwenye f/4, tuseme. Ya pili haina vituo, inateleza, na inatembea kati ya f/2 na pale ulipoweka ya kwanza. Kwa hivyo unafungua wazi kabisa ili uone vizuri na kushika fokasi, kisha bila kuondoa jicho unateleza hadi kizuizi, na sasa uko f/4. Ndani kuna mabapa manane yanayofunga mviringo mzuri. Vidole vikizoea, hufikirii tena.

Bi harusi yuko jukwaani. Nimesimama kama mita mbili, nyuma yake pazia la taa liko mita nne zaidi. Kwa f/2 zile taa zinafumuka zikawa miviringo, na kadiri zinavyokwenda pembeni zinabonyea zikawa kama mbegu za boga, zote zimejipanga kumzunguka yeye. Picha nzima inaonekana kuzunguka na yeye ametulia katikati. Sababu ni kwamba mwanga unaoingia kimshazari hukatwa na kingo za mbele na za nyuma za lenzi, duara likabaki nusu. Vitabu vya lenzi huliita hilo kasoro. Kwenye picha ya kupamba ndilo linalowafanya mama zake wainamie kioo cha kamera na kusema mashallah.

Ngozi nayo. Vipodozi vya siku ile ni vizito, poda juu ya poda, na lenzi za kisasa huonyesha kila chembe. Helios kwa f/2 huweka ulaini mdogo juu ya kila kinachong'aa, huku kope na kingo za midomo vikibaki wazi. Kikuba alichobandika kifuani, asumini na majani ya rehani, kilitoka na weupe unaowaka kidogo kwenye ncha za maua, na dhahabu ya shingoni ikatoa nukta za mwanga badala ya mabaka meupe. Ukitaka ukali wa kawaida, funga hadi f/4, utaupata, na mzunguko wa nyuma utatoweka. Mimi hupiga zote mbili. Wanachochagua kuweka ukutani karibu kila mara ni ile ya f/2.

Gharama yake ni kwamba mtu lazima awe katikati. Ukimweka pembeni, kama tulivyofundishwa kugawa picha sehemu tatu, uso wake unaingia kwenye eneo linalozunguka na kope zinayeyuka. Kwa picha za watu wengi irudishe mkobani. Na kama kihisi chako ni APS-C, yaani kidogo kuliko kile cha fulu fremu cha a7 II, kingo ambako mzunguko una nguvu zaidi zinakatwa, kwa hivyo usitegemee kupata kile ulichokiona kwenye picha za watu wa fulu fremu.

Nje mchana ni habari nyingine. Jua la Mombasa la saa sita, kwa f/2 na ISO 100, linataka spidi ya 1/6400 hivi. a7 II inafika 1/8000, kwa hivyo unapona, lakini karibu na ukomo. Rangi za lenzi hii juani hupauka, kwa kuwa kemikali iliyopakwa vioo vyake ni ya zamani na haizuii mng'ao kama za sasa. Nikiwa na maharusi Mji wa Kale huwapeleka Ndia Kuu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa. Mwanga unashuka ukigonga kuta za chokaa zilizo mkabala, unafika usoni umeshapoa. Mbele ya mlango wa nakshi Helios inafurahisha sana: maua yaliyochongwa kwenye mbao yanazunguka nyuma ya mtu kwa ustaarabu, si kwa fujo kama majani ya mwarobaini. Nunua na kofia ya mpira ya milimita 49, ni pesa kidogo na inaokoa weusi wako.

Adui wa lenzi hizi hapa pwani ni unyevu, na hili kwa mtu wa Mombasa lina uzito kuliko bei. Vioo vya zamani vina gundi, mafuta na vumbi la miaka, na kuvu wanapenda vyote. Wakishaanza utaona nyuzi nyembamba ndani ya kioo, kama utando wa buibui, na wakikaa wanakula ile kemikali ya juu ya kioo na alama haitoki tena hata lenzi ikifunguliwa na fundi. Kabla ya kulipa, fungua lenzi hadi f/2, imulike kwa tochi kutoka nyuma huku ukitazama mbele kwa pembe, kisha geuza. Vumbi la hapa na pale lisikutie hofu, halionekani kwenye picha. Nyuzi na mawingu, mrudishie mwenyewe. Zungusha fokasi mwanzo hadi mwisho. Ikikwama katikati, mafuta yamekauka. Yaangalie na yale mabapa, kama yana mafuta yanayong'aa. Kwenye Helios hii mafuta kidogo hayazuii kazi, kwa sababu mabapa yanasukumwa kwa mkono wako na si kwa springi, lakini kwa lenzi za otomatiki ni shida.

Nyumbani naziweka kwenye sanduku la plastiki lenye mpira kwenye mfuniko, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu. Nataka kisome kati ya asilimia 40 na 50. Kikipanda, nabadilisha vifuko. Wakati wa masika hubadilisha mara nyingi zaidi. Mkoba wa ngozi alionipa yule mzee ni mzuri sana, lakini lenzi silazi humo, maana ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia.

Kumbi zetu zina viyoyozi vikali. Ukitoka na lenzi baridi kwenda kumpiga bi harusi akipanda gari, joto la nje linaigeuza kioo cha bafuni papo hapo, na kufuta hakusaidii, inarudi. Kabla ya kutoka naifunga ndani ya mfuko wa plastiki, naiacha ipate joto taratibu, ndipo naitoa. Umande ukitua nje ya plastiki hauna madhara. Ukitua ndani ya lenzi, umewapa kuvu maji ya kunywa.

Niliijaribu pia Canon FD ya milimita 50, f/1.4, ile ya mtindo mpya. Ni lenzi bora kuliko Helios kwa kila kipimo: kali zaidi, rangi nzito zaidi. Canon waliacha mdomo wa FD walipoleta wa EF mwaka 1987, na kwa kuwa umbali wake ni milimita 42, haikukaa vizuri kwenye DSLR zao, basi ikakosa soko mpaka kamera nyembamba zilipokuja. Inataka pete yenye kishikio cha kufungia mwanga, usinunue isiyo nacho. Kwa kazi yangu naiona ya kawaida. Picha yake mteja haitofautishi na ya lenzi yangu ya kisasa, na ya kisasa inafokasi yenyewe.

Za sinema ndizo watu wengi huniuliza. Rafiki yangu anayepiga video aliniazima Samyang ya milimita 85, T1.5, ambayo vioo vyake ni vilevile vya 85 f/1.4 yao ya picha za kawaida. Hiyo T ni kipimo cha mwanga unaofika kweli kwenye kihisi, baada ya vioo kula sehemu yao, ndiyo maana namba ni kubwa kidogo kuliko f. Kwa mtu wa picha haibadilishi kitu, kamera inapima yenyewe. Kinachobadilika ni mkono. Pete ya mwanga haina vituo kabisa, na fokasi inazunguka safari ndefu kutoka karibu hadi mbali. Kwa mkono wa hina uliotulia juu ya mto, safari hiyo ndefu ni neema, unaweza kuchagua ua lipi kwenye kiganja liwe wazi. Kwa mtu anayetembea, utachelewa. Na yale meno ya gia yaliyozunguka lenzi yalinasa kwenye mtandio wa lesi wa bi harusi nilipoinama. Haukuchanika, alhamdulillahi, lakini tangu hapo nikishika lenzi yenye meno kwanza naizungushia mpira.

Lenzi za sinema zenyewe, za mdomo wa PL, zina umbali wa milimita 52, kwa hivyo kwenye Sony pete yake ni ya milimita 34 na lenzi mara nyingi ni nzito kuliko kamera. Nyingi zilitengenezwa kwa fremu ya Super 35, inayokaribiana na APS-C. Kwenye fulu fremu pembe zinakuwa nyeusi. Unaweza kuiambia a7 II ikate hadi APS-C, lakini megapikseli 24 zinabaki 10. Kwa albamu zinatosha, kwa picha ya ukutani ninasita. Zilizotengenezwa kwa filamu ya milimita 16 usiziguse kwa kazi hii. Utapata duara katikati ya giza.

Iliyonishika moyo ni ya projekta. Sinema za mji huu, Regal, Naaz na nyinginezo, zilipokuwa zikionyesha filamu za milimita 35, kila projekta ilikuwa na lenzi nzito ya bomba mbele. Niliyonayo ni ya milimita 90, f/2, nimeipata kwa muuza vyuma vikuukuu, naye hakujua ilitoka ukumbi gani. Haina pete ya mwanga wala ya fokasi, maana kwenye projekta havikuhitajika. Mwanga wote hupita, na fokasi hufanywa kwa kuisogeza lenzi nzima. Ili ikae kwenye kamera inataka bomba la kurefuka lenye uzi, na pingu ya kuishika.

Fundi wa kukereza vyuma upande wa Shimanzi alinitengenezea pingu ya alumini kwa shilingi 2,500. Vipimo nilikuwa nimemwandikia kwenye karatasi, lakini aliishika lenzi, akaipima kwa kalipa sehemu tatu za bomba, akaniambia, "Dada, hili bomba halikunyooka, huku ni pana kuliko huku. Ningefuata karatasi yako lingecheza." Akaikereza ifuate bomba lenyewe. Upande wa pili kuna bomba la kurefuka la M42, kisha ileile pete ya shilingi 3,800. Haichezi hata kidogo, pamoja na uzito wote ule.

Katikati ya picha ni kali ajabu, kali kuliko Helios, na kuanzia robo ya picha kwenda nje kila kitu kinayeyuka. Kasoro niliyoiona ni giza kwenye pembe: kioo cha nyuma cha lenzi ni kipana, na koo la M42 ni jembamba, linakata mwanga, hata taa za nyuma zikatoka zimepunguzwa upande mmoja. Bomba la M65 lingekuwa pana vya kutosha, lakini hapo pete ya M42 haitumiki tena, unaanza upya na pete nyingine. Kwa sasa naitumia kwa picha za uso peke yake, nikiziacha pembe zikatwe wakati wa kusafisha.

Ukitaka kuijaribu njia hii, mtafute fundi kabla ya kununua lenzi, umpelekee kila kitu pamoja, lenzi, bomba, pete na kamera yenyewe, apime kwa mkono wake. Na kabla hujaondoka pale, mwambie pingu aipake rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani.